Rada ya boti ndogo: achaneni na maili, ulizeni mwale una upana gani

Inbox imejaa malalamiko ya rada na wengi kilio chao ni kimoja: nimenunua ya maili 36 lakini usiku mashua ndogo naiona ishafika puani. Jamani hizo maili 36 (za baharini) ni za kwenye boksi. Ukiifunga rada mita 3 juu ya maji, chombo chenye kimo cha mita 1 utakipata kwenye maili 6 hivi, basi, dunia ni duara hata ulipe dola ngapi.

Kitu ambacho wauzaji hawakutajii ni upana wa mwale, yaani mawimbi ya redio ambayo rada inayarusha kama mwanga wa tochi. Rada ya duara la inchi 18 mwale wake ni kama digrii 5, na digrii 5 kwa umbali wa maili 2 ni zaidi ya mita 300, yaani vyombo viwili vikikaa sambamba ndani ya hizo mita vinatokea kwenye skrini kama doa moja. Sasa fikiria nje ya bandari ya Dar pale meli zinaposubiri zamu, AIS (mtambo wa redio ambao vyombo vinajitangaza nao) inakusomea jina la meli, urefu wake, kila kitu, we unaliona doa unasema aah ni ile meli, kumbe pembeni yake kuna mashua ya mbao ya wavuvi, haina AIS wala nini, imemezwa kwenye doa hilohilo. Ndo hiyo utakayoigonga.

Kwa hiyo mie namba moja ni Furuno DRS4D-NXT, mniite shabiki tu sawa. Inchi 24, mwale karibu digrii 4, halafu ina kitu kinaitwa RezBoost kinauchonga mpaka ufanye kazi kama wa digrii 2, hapo doa linagawanyika unaona viwili. Na Doppler yake, yaani uwezo wa kujua kitu kinakuja au kinaondoka, inapaka rangi nyekundu chochote kinachokujia. Ubaya, inataka skrini za Furuno wenyewe, na hapo ndo mfuko unapotoboka.

Ya pili Simrad Halo20+, kwa masafa mafupi inazunguka mpaka mara 60 kwa dakika, nzuri kwa boti za kasi. Garmin Fantom chukua ya inchi 24, ya 18 iache dukani. Raymarine Quantum 2 ni nyepesi na inaongea na skrini kwa waifai, mafundi wanaipenda, mimi mwale wake haujanikaa.

Hela ndogo? AIS ya Class B (ile ya vyombo vidogo) inayorusha na kupokea, angalau meli zikuone. Ya mtumba angalia MMSI, ile namba ya utambulisho wa chombo, maana ikishaingizwa huwezi kuibadili mwenyewe: Tanzania inaanza 674 au 677, Kenya 634.

Na nyie wauzaji wa "bei inbox", mtu anakuja inbox mnamtajia dola, akiuliza mwale digrii ngapi mnamjibu "boss hii orijino", usafiri juu yake, kufunga juu yake, na fundi mnayemletea ni yuleyule anayefunga madishi ya TV.