Jakobsen, Kigoma: unavaa utakavyo na hakuna anayekukodolea macho

Kwanza nijibu swali ninaloulizwa na wateja kila nikiutaja ufukwe wa Jakobsen, Ziwa Tanganyika, nikiwa kwenye cherehani yangu pale Mwanga. Hapana, watu hawaogi uchi kule. Wageni wa Kizungu huvaa bikini, na mtu akiiona kwa mbali kutoka kwenye mtumbwi, mpaka afike mjini habari imeshavimba. Sheria na mila zetu haziruhusu mtu kukaa uchi hadharani, iwe Jakobsen au kwingine nchini. Ila kule unavaa unachojisikia, kingi au kidogo, na watu wanakuacha na mambo yako. Ndiyo sababu naupa sifa.

Ufukwe uko nje ya mji, upande wa Katonga. Bajaji inafika, patana nauli ya kwenda na kurudi kabisa, maana jioni kupata usafiri kule ni kazi. Kuna kiingilio, ulizia bei kabla hujatoka. Halafu unateremka kilima mpaka kwenye ghuba ndogo za mchanga zilizozungukwa na miamba na miti, na aliye barabarani hakuoni kabisa. Mama mwenye magoti mabovu ajiandae wakati wa kupanda.

Mimi nimekulia Ujiji. Utotoni kwetu wanawake walikuwa na upande wao wa kuogea ziwani na wanaume wao. Jua likikaribia kuzama unawasikia akina mama wakiitana majini, nguo zao ziko juu ya jiwe, na anayepita anajua pa kugeuzia uso. Mtoto wa kiume akishapevuka kidogo anafukuzwa bila mjadala. Binamu yangu anayeishi Ujerumani aliniambia huko zipo fukwe zenye alama ya FKK, watu wanaoga bila nguo, wake kwa waume, wazee kwa vijana. Unakalia taulo lako, humkodolei mtu macho, na ukimpiga mtu picha wanakujia juu. Huo uchi wa kuchanganyika siuafiki mpaka leo. Lakini hayo ya macho na picha niliyaelewa papo hapo, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Siku hizi simu ndizo zimeharibu. Kuna ufukwe mmoja nilimpeleka binti yangu, tukakuta vijana wamejipanga wanarekodi kila msichana anayetoka majini. Tuliondoka nguo zikichuruzika maji, na mtoto akakataa ziwa kwa muda mrefu. Iliniuma sana. Mtoto wa Kigoma asiyetaka kuingia ziwani!

Jakobsen tulikwenda Jumanne, shule zimefungwa: mimi, binti yangu, wifi yangu na shoga yangu mmoja ambaye ni nesi. Nesi alivaa kaptura na fulana, binti nguo ya kuogelea niliyomshonea, wifi akaingia na dera lake. Kama hujawahi kuliona dera ziwani, nikueleze. Kwanza linajaa hewa na kupanda mpaka kifuani. Kisha linakunywa maji, linazama na kukuzunguka mapaja, ukitaka kupiga hatua limekufunga. Nikamwambia, "Wifi, hili la sebuleni. La ziwani ni jingine." Akanijibu, "Basi nishonee hilo la ziwani."

Nimeshamshonea. Kitambaa ni kile cha kuvutika cha nguo za michezo, mikono mirefu, suruali mpaka kwenye vifundo, na juu yake kanzu fupi ya kufika magotini yenye mpasuo pande zote mbili ili miguu ipate kupiga maji. Mshono uwe wa zigizaga, vinginevyo nyuzi zinakatika ukijinyoosha. Pamba usiiguse, inabeba maji mazito.

Siku ile hata hivyo alibaki na dera lake, akalifunga fundo kiunoni. Pembeni yetu walikuwepo wageni wawili wa kike na bikini zao, na mbele kidogo mama mtu mzima aliyejifunga khanga, na mumewe. Hakuna aliyemtazama mwenzake zaidi ya salamu. Baada ya muda wifi akavua mtandio, akauweka juu ya jiwe, akalala chali juu ya maji nywele zimelowa. Huyu ni mtu ambaye hata mlangoni kwake hatoki bila kujifunika kichwa. Nimemjua tangu naolewa na sikuwahi kumsikia akicheka vile.

Maji ni meupe, unaona vidole vyako vya miguu. Beba miwani ya kuogelea, kwani kwenye mawe wamo samaki wadogo wa rangi, wengi wao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani. Binti yangu hakutaka kutoka. Ila watoto wasiachwe peke yao: ziwa hili lina kina cha mita 1,470, ni Baikal peke yake linalolizidi, na sehemu nyingi hushuka ghafla ukitoka kidogo tu ufukweni. Nesi wetu anasisitiza pia kuwa kichocho kimo ziwani, hasa kwenye majani na maji yaliyotulia karibu na makazi, kwa hiyo kaa penye mchanga na maji yanayocheza. Nenda asubuhi kabla upepo haujaanza.

Chakula tulibeba chetu, migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo. Ndizi zifungie ndani ya mkoba, tumbili wa pale hawaombi.

Ombi langu kwa wenye ufukwe ni moja. Wekeni kibao kinachosema wazi kuwa ni marufuku kumpiga picha mtu bila ridhaa yake, na mkiweza mtenge asubuhi moja kwa wiki iwe ya wanawake na watoto tu. Kiingilio tutalipa bila kulalamika. Akina mama wa Ujiji wanaosubiri hiyo asubuhi ni wengi, na baadhi yao nimeshawapima.