Glisirini tupu, kipupwe cha Dodoma, na muuzaji asiyetaka kuulizwa

Sinunui tena duka lile. Nilitaka kuandika kwamba sinunui tena glisirini, lakini kosa si lake, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Kipupwe hapa Dodoma kina upepo mkavu unaopausha miguu kabla hujafika kituoni. Nilimuuliza muuzaji kama glisirini tupu ya kwenye chupa ile huchanganywa na maji. Macho kwenye simu, akanijibu: "Ukiweka maji unaiua nguvu, dada. Paka hivyohivyo, ngozi ikiwa kavu kabisa." Siku chache tu ngozi ikawa inanata, inakaza, inawasha. Nilipomrudia akasema mbele ya wateja, "Basi ngozi yako ndiyo mbovu."

Ngozi yangu si mbovu! Glisirini kazi yake ni kuvuta maji na kuyashika. Pwani hewa ina unyevu wa kutosha. Huku mwezi wa saba hewani hakuna cha kuvuta, kwa hiyo ikipakwa tupu huyavuta maji ya ndani ya ngozi, yakifika juu upepo unayachukua.

Inavyotakiwa ni kijiko kimoja cha glisirini kwa vijiko vitatu vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukitoka kuoga jikaushe kwa kugusagusa na taulo, usisugue, ngozi ibaki na unyevunyevu, kisha paka ndani ya dakika tatu hivi. Juu yake weka mafuta ya mgando, kidogo tu, uyapashe kwanza viganjani. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mafuta ya mgando hayaongezi maji hata tone, yanazuia yaliyopo yasitoke. Ukiyapaka kwenye ngozi iliyokwisha kauka, inang'aa tu huku bado inakaza. Mafuta ya nazi nayo huzuia, ila si kwa kiwango hicho. Mchanganyiko tengeneza wa siku mbili tatu tu, maana hauna dawa ya kuuhifadhi na vijidudu huota humo. Magaga yenyewe yanataka krimu ya yurea, kile kiambato kinacholainisha ngozi ngumu, iwe 20% au zaidi. Yakiwa yamepasuka hadi damu itachoma, subiri kwanza yafunge.

Kwa utaratibu huo, na chupa ileile, miguu imelainika vizuri sana. Kwa hiyo glisirini naipa nyota tano, tena bei yake ni ndogo kuliko losheni nyingi.

Hapana, tatu. Nimeisoma tena lebo: "safi 100%" kwa herufi kubwa, ua la waridi, na hakuna hata mstari mmoja unaosema ichanganywe na maji. Mtu akiisoma hiyo, halafu akamuuliza yule muuzaji, atajuaje?