Kengele niliyoiwasha mwenyewe ikamezwa na pongezi za watu nisiowajua

Tangazo lenyewe, kwenye mtandao wa kitaaluma ninaoutumia, lilikuwa fupi, la mistari minne tu: kutakuwa na kikao cha bure cha maswali na majibu kuhusu IFRS 18, kiwango kipya cha kimataifa cha uwasilishaji wa taarifa za fedha, kitafanyika mtandaoni saa za jioni, na kila mhasibu anakaribishwa. Chini ya jina la aliyeliandika, kwa herufi ndogo za kijivu zilizonilazimu kuileta simu karibu na macho, palionyeshwa kwamba lilichapishwa siku nne zilizopita. Kikao kilikuwa kimefanyika juzi. Kabla ya kulifikia, kwa dakika nzima niliyokuwa nikisukuma skrini kwa kidole gumba, nilikuwa nimeonyeshwa mtu nisiyemjua akimpongeza mtu mwingine nisiyemjua kwa kupandishwa cheo, picha ya dawati lililopangwa vizuri, na kisa cha bwana mmoja aliyefukuzwa kazi, akalia, kisha akajifunza mambo saba, kila jambo kwenye mstari wake.

Naandika haya hasira ikiwa haijanitoka, kwa hiyo anayetafuta tathmini tulivu ya mtandao huu wa kitaaluma hataipata hapa. Nisidhaniwe, hata hivyo, kuwa ni mtu aliyefungua akaunti jana na leo akaanza kulalamika. Nimekuwamo kwa miaka mingi, na kabla ya kisa hiki nilikuwa nimetumia takriban wiki tatu nikiusafisha mlisho wangu, yaani mfululizo wa machapisho ninayoonyeshwa, kama mtu anayepalilia shamba, nikiamini kwamba nikitimiza sehemu yangu, mtandao nao utatimiza yake.

Palizi hiyo inadai subira kuliko akili. Kuunganishwa na mtu na kumfuata ni mambo mawili tofauti, ingawa unapokubali ombi lake yote mawili hufungwa pamoja bila wewe kuulizwa. Unaweza kuacha kumfuata mtu na bado mkabaki mmeunganishwa; machapisho yake hayakufikii tena, naye hapelekewi taarifa yoyote ya kumjulisha hivyo. Kwa mtu kama mimi, ambaye sehemu kubwa ya niliounganishwa nao ni wakubwa wangu wa zamani kazini na siwezi kuwaondoa bila kuzua maneno, hiyo ni neema nitakayoitaja hata nikiwa nimekasirika kiasi gani. Nikaacha kuwafuata wengi sana, mmoja mmoja, jioni baada ya jioni, nikibofya zile nukta tatu pembeni mwa chapisho hadi kidole kikazoea njia. Kisha nikaingia kwenye kurasa za watu sita ambao kila wanachokiandika kuhusu viwango vya taarifa za fedha nakihitaji, nikawasha kengele, nikachagua niarifiwe kuhusu machapisho yao yote, si baadhi.

Kwa nini jambo hili liliniuma hivyo? Kiwango hicho cha IFRS 18 kilitolewa Aprili 2024, kinachukua nafasi ya kile cha zamani, IAS 1, na kitatumika kwa vipindi vya mwaka vinavyoanza Januari 1, 2027 au baada yake. Mtu asiye mhasibu ataona kuna muda wa kutosha, lakini takwimu za kipindi kinachotangulia nazo ni lazima zipangwe upya ili ziweze kulinganishwa, na mapato na matumizi lazima yagawanywe katika makundi ambayo mifumo yetu mingi haikujengwa kuyatambua: uendeshaji, uwekezaji, ufadhili na mengineyo. Maswali niliyokuwa nayo yalijaza kurasa mbili za daftari. Nilikuwa nimeyapanga kwa uzito.

Sasa nisiwe mchoyo wa ukweli. Kwa siku kumi hivi baada ya palizi ile, mlisho wangu ulikuwa mahali pazuri kuliko mikutano mingi niliyowahi kulipiwa kuhudhuria. Asubuhi moja niliwakuta wakaguzi wawili wakibishana, kwa adabu lakini bila kuachiana, kuhusu mahali pa kuziweka tofauti zinazotokana na kubadilika kwa thamani ya fedha za kigeni. Mmoja alikuwa akizitupa zote kwenye uendeshaji. Mwenzake akamwonyesha kwamba kwa kawaida zinafuata chanzo chake, kwa maana kwamba za deni la mteja zinakaa kwenye uendeshaji na za mkopo zinakwenda kwenye ufadhili. Nilisoma nikiwa nimesimama, begi bado begani, na siku hiyohiyo nikalifungua jedwali langu na kurekebisha kosa ambalo nilikuwa nimelibeba kwa wiki kadhaa. Laiti ningeandika tathmini hii siku hiyo, ningeupa mtandao nyota tano na kuomba ya sita.

Kilichoharibu mambo, kadiri ninavyoweza kukisia, ni makosa mawili madogo yaliyotokea katika siku moja. Kwanza, nilimwandikia mwenzangu wa zamani neno moja, "Hongera", chini ya habari ya cheo chake kipya, kama ambavyo mtu yeyote mwenye malezi angefanya. Pili, nilikuwa nimefungua kile kisa cha bwana aliyelia, mlango ukagongwa, nikaiacha simu mezani ikiwa inawaka na kisa kikiwa wazi. Mitandao ya aina hii haihesabu maoni na alama za kupenda peke yake. Hupima pia muda ambao chapisho limekaa mbele ya macho yako, na haina namna ya kujua kwamba macho yenyewe yalikuwa mlangoni yakizungumza na jirani. Kuanzia kesho yake nikafunguliwa bomba la pongezi na vilio. Wiki tatu za kubofya nukta tatu zilishindwa na neno moja la heshima na mazungumzo ya dakika chache kizingitini.

Na kengele je? Nilipokwenda kuitazama, nilikuta ililia. Arifa ya kikao ilikuwamo, siku ile ile tangazo lilipotoka, ila ilikuwa imelaliwa na siku za kuzaliwa, na habari kwamba watu wanne wametazama ukurasa wangu, na mwaliko wa kulipia ili niwajue ni akina nani. Kwa hiyo ningetaka kuwa mwadilifu kabisa, ningesema kwamba niliarifiwa. Sitaki kuwa mwadilifu kiasi hicho.

Nikajaribu tiba ya mwisho, ile ya kupanga machapisho kwa kuanza na mapya. Uchaguzi huo upo, umefichwa mahali ambapo mtu hapafiki kwa bahati, na unafanya kazi ipasavyo hadi utakapoifunga programu. Ukiifungua tena, wao wamekwisha kukuchagulia upya kile wanachokiona kinakufaa. Nimeuweka mara nyingi, umerudi mara nyingi. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2022, inailazimisha mitandao mikubwa kuwapa watumiaji angalau njia moja ya kupangiwa machapisho isiyotokana na kuchambua tabia zao, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba jambo hili haliwezekani kiufundi. Niliwaandikia huduma kwa wateja nikieleza hatua kwa hatua, nikaambatisha na picha za skrini. Nilijibiwa kwa shukrani nyingi na kuelekezwa kwenye ukurasa unaofundisha jinsi ya kuacha kumfuata mtu. Mimi! Ambaye kidole changu kinaijua njia hiyo gizani.

Nilikusudia kumalizia hapo kwa nyota moja, na ningekuwa na haki. Tatizo ni kwamba jana usiku, bila matumaini makubwa, nilimwandikia ujumbe yule aliyetoa tangazo, mtu ambaye sijawahi kukutana naye popote, nikamwambia kwamba nimekikosa kikao kwa uzembe wangu, maana niliona haya kuusingizia mtandao mbele ya mgeni. Hazikupita dakika kumi akanitumia rekodi nzima ya kikao, na chini yake akaniuliza nina maswali gani. Nikampigia picha zile kurasa mbili za daftari. Tumekwisha kufika swali la tano, naye anajibu kwa urefu, kwa mifano ya hesabu, bila kunidai chochote, na mazungumzo yote haya yanapita ndani ya mtandao uleule ninaoutukana tangu aya ya kwanza.

Basi nyota tatu. Mbili kati yake ni za mtu huyo. Leo asubuhi niliifungua programu ili nisome jibu lake la swali la sita, nikapita kwanza kwenye mlisho kwa mazoea, na wa kwanza kunilaki alikuwa yule bwana aliyelia. Safari hii amejifunza mambo tisa. Naweka mbili.