Kipima cheche na adapta ya volti ya kilele kwa Yamaha Enduro 15 inayokatakata moto: uzoefu wangu

Kama una mashine kuukuu ya boti ya tu-stroki inayokata moto ikishapata joto, kisha ikipoa inawaka kana kwamba haikuwa na tatizo, vifaa hivi viwili vinunue kabla hujatoa hela ya CDI, yaani kisanduku cha elektroniki kinachotuma umeme wa cheche. Kipima cheche cha mwanya unaorekebishwa nakipa nyota nne kati ya tano. Adapta ya volti ya kilele, inayoiwezesha mita ya kawaida kusoma mapigo ya CDI, naipa tano. Kile kipima kingine chenye kitaa ndani, kinachochomekwa kati ya waya na plagi, nakipa moja: kinawaka hata cheche ikiwa dhaifu kiasi cha kushindwa kuchoma petroli, kwa hiyo kinakuridhisha bure.

Nimevitumia zaidi kwenye Enduro 15 ya kuvuta kamba, silinda mbili, cc 246, isiyo na betri. Umeme wake wote unatoka kwenye flaiwili: chaji koili inaijaza CDI, pulsa koili inaipa ishara ya lini iachie, CDI inaachia kwenye koili ya plagi, na koili hiyo moja ina waya mbili, kila mmoja kwa silinda yake. Shika hilo la koili moja na waya mbili, kwa sababu linabadilisha namna ya kupima.

Kwanza kwa nini kipima chenye mwanya. Mazoea ya pwani nzima ni kutoa plagi, kuilaza juu ya kichwa cha silinda na kuvuta kamba. Ukiona cheche, unasema umeme upo. Lakini mwanya wa plagi ni kama mm 1, na kwenye hewa ya wazi umeme unauruka kirahisi mno. Ndani ya silinda hewa imegandamizwa, na mwanya uleule unadai volti nyingi zaidi kwa mbali. Ukifungua mafuta yote silinda inajaa zaidi na mgandamizo unapanda tena. Ndiyo maana koili iliyochoka inaendesha vizuri taratibu bandarini, halafu inakohoa ukikaza kutoka mkondoni. Kipima kinafidia kwa kuongeza umbali: mimi nakifungua mm 9. Cheche iruke umbali huo mfululizo, kila mvuto wa kamba, ikiwa ya buluu yenye mlio wa kupasuka. Ikiwa ya njano, nyembamba, au inaruka mara na kuacha mara, hapo una jambo. Fanyia kivulini, maana juani hata cheche nzuri huioni.

Ukiwa na koili ya waya mbili, usipime waya mmoja na kuuacha mwingine ukining'inia. Umeme unatoka kwa plagi moja, unapita kwenye bodi ya injini, unarudi kwa plagi ya pili. Waya wa pili ukiwa hewani, volti inatafuta njia ndani ya koili yenyewe na kuiharibu. Tumia vipima viwili, au waya wa pili uvishe plagi iliyobanwa sawasawa kwenye bodi. Kwa sababu hiyohiyo, kofia moja ya plagi iliyooza inaweza kuzilegeza silinda zote mbili, na mtu akadhani CDI imekufa.

Kabla ya kuvuta kamba, chomoa mpira wa mafuta, sogeza tangi mbali, ziba matundu ya plagi kwa kitambaa, na kipima kibane mbali na matundu. Mvuke wa petroli unaotoka kwenye tundu unawaka kweli, hili si la kusimulia tu.

Kasoro za kipima nilichonacho: klipu ya kubania imeota kutu mapema kwa hewa ya chumvi, na nimeibadilisha kwa klipu ya shaba. Plastiki yake inafifia ikirushiwa petroli. Namba za kilovolti zilizoandikwa ubavuni nazipuuza, napima mwanya kwa rula. Bei yake ni ndogo kuliko ya CDI.

Lakini kipima hakisaidii kitu kama hukupima wakati tatizo lipo. Hapa ndipo kazi nyingi inapoharibika. Mashine inakata kule nje, inavutwa hadi ufukweni, inapoa, fundi anapima, kila kitu safi, basi anabadilisha kile anachokishuku. Beba vifaa botini. Mashine ikikata, pima papo hapo. Una dakika kadhaa nzuri, kwa sababu ikizimwa maji ya kupoza yanasimama na joto la bodi linapanda kwanza kabla ya kushuka, na koili zilizo chini ya flaiwili zinazidi kuiva.

Kabla ya hapo hakikisha ni moto na si mafuta. Moto ukikosekana mashine inakata ghafla, kama mtu kabonyeza swichi, na mara nyingi inarudi ghafla vilevile. Mafuta yakikosekana inalegea, inapungua mwendo, ndiyo inakufa. Ikianza kulegea kamua pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta: ikishtuka na kuendelea, achana na umeme, tazama tundu la hewa la kifuniko cha tangi, mpira wenyewe na kiwambo cha pampu.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kufunga taa ya taimingi, inayomulika kila umeme unapopita kwenye waya wa plagi, ukiwa unaendesha. Enduro haina betri, kwa hiyo chukua betri ya volti 12 ya bodaboda, ibane vizuri isiteleze botini. Klempu ya taa ivishe kwenye waya wa plagi na mshale uelekee plagi. Kwenye koili ya waya mbili, waya mmoja una umeme wa upande wa pili, kwa hiyo taa ikigoma au ikimulika kwa kusitasita, geuza klempu kabla hujalaumu chochote. Mtu mmoja ashike usukani, mwingine atazame taa. Mashine ikimisi na taa ikaendelea kupiga bila kukatika, koili inatoa: angalia plagi, kofia, au rudi kwenye mafuta. Taa ikikatika pamoja na mashine, tatizo liko kabla ya koili, upande wa CDI na flaiwili, au ni koili yenyewe.

Taa ikikatika, cha kwanza ni mzunguko wa kuzimia, kwa sababu hautaki hela. Kwenye Yamaha ni waya mweupe: ukigusa bodi, mashine inazima. Swichi yenye chumvi ndani, au waya mweupe uliochubuka pale unapopita ukingoni mwa kifuniko, unagusa bodi kila boti inaporuka wimbi. Chomoa waya mweupe unaotoka kwenye swichi, funga ncha kwa tepu, endesha. Ikipona, mgonjwa umemjua. Ila swichi na kamba ya usalama havitazima tena, kwa hiyo fanya jaribio hili kwenye maji tulivu, mkiwa wawili, na uzime kwa kuvuta choki au kuchomoa mpira wa mafuta. Usiuache hivyo ukaenda nao kuvua.

Kama waya mweupe hauna kosa, ndipo adapta inapoingia. Mita ya kawaida ya kidijitali haifai kupima umeme wa CDI, kwa sababu unakuja kwa mapigo mafupi mno na mita inasoma wastani, namba isiyo na maana. Adapta inashika kilele cha pigo na kukitunza ili uiweke mita kwenye volti za DC na kusoma. Ya kununua ni nzuri, lakini anayejua kulehemu anaweza kuijenga: dayodi ya 1N4007, kapasita ya mikrofaradi 1 inayobeba volti 630, na rizista ya megaomu 1 sambamba na kapasita ili iimwage ikishapimwa. Iweke kwenye kiboksi cha plastiki, usiiache wazi, maana hapo kuna mamia ya volti na yanauma.

Pima kwa mpangilio, mashine ikiwa na joto na tatizo likiwepo: waya za chaji koili, waya za pulsa koili, kisha waya unaotoka CDI kuingia kwenye koili. Viwango vya mashine yako vinatoka kwenye kitabu cha ufundi cha modeli yako, usichukue vya mwenzako. Chaji ikianguka, tatizo ni chaji koili. Chaji na pulsa zikiwa sawa lakini CDI haitoi, na waya mweusi wa ardhi umesafishwa hadi unang'aa, hapo tu ndipo CDI inastahili lawama. CDI kuipima kwa omu ni kupoteza muda, ndani kuna vifaa vya elektroniki vinavyoipa kila mita jibu lake.

Usipopata adapta, omu zinasaidia kwa koili zenyewe, ila pima baridi halafu pima moto. Waya wa shaba unaongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili inayosoma omu 300 kwenye nyuzi 25, ukiipasha kwa mashine ya kukaushia nywele hadi nyuzi 75, isome karibu 360. Ikiruka kwenda isiyo na mwisho, waya umekatika ndani na joto linautanua. Ikishuka badala ya kupanda, mizunguko inagusana. Ukiwa unapasha, tikisa waya pale zinapoingia kwenye lakiri inayoifunika koili, maana ndipo zinapokatikia.

Mengine ni ya haraka. Plagi ya mashine hii ni NGK B7HS-10, mwanya mm 0.9 hadi 1.0, ikazwe Nm 25. Usiweke ndefu zaidi kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Kofia zenye rizista za NGK zenye 05 kwenye namba zisome karibu kiloomu 5. Ikisoma 20 au haisomi, tupa. Ncha ya waya wa plagi ikiwa ya kijani, kata mm 5 na uifunge upya, kama urefu unaruhusu. Plagi zikitoka nyeusi zenye maji ya oili, rudi kwenye kipimo cha oili: 50 kwa 1 ni ml 20 kwa lita, yaani ml 480 kwa tangi la lita 24.

Ukilazimika kutoa flaiwili, tumia pula, kifaa cha kuivutia nje, usiigonge nyundo, sumaku zinapasuka. Ukishaitoa tazama ufunguo mdogo wa kwenye shafti. Ukiwa umechubuka upande, taimingi imesogea na hakuna koili mpya itakayoirudisha.

Kuhusu CDI za kuiga: zipo zinazofanya kazi, na zipo zinazokata zikipata joto zingali mpya kabisa. Kabla ya kulipia, mwombe muuzaji akubali kuipokea tena, kisha ifunge, endesha kwa mafuta yote hadi ipate joto, na uipime kwa kipima na adapta palepale.