Luminance HDR: chumba cha giza, dirisha la jua

Napiga picha za nyumba za wageni hapa Mji Mkongwe, Unguja, na kinachonihangaisha kila siku ni dirisha. Kuta nene, dari ya boriti, kitanda cha samadari cheusi tii, halafu dirisha moja linamwaga jua la saa saba mchana. Ukipima mwanga wa kitanda, dirisha linaungua. Ukipima wa dirisha, kitanda kinamezwa na giza. Kwa kazi hiyo natumia Luminance HDR, programu ya bure ya Windows, Mac na Linux inayounganisha picha kadhaa za mwangaza tofauti, nami naipenda kwa dhati.

Wiki iliyopita chumba kimoja kilinidai picha tano. Kamera kwenye stendi, tundu la lenzi f/8, usikivu wa mwanga ISO 100, nikawa nabadilisha kasi ya shata tu, yaani muda wa kuingiza mwanga: 1/250 ya sekunde, 1/60, 1/15, 1/4, mwisho sekunde nzima. Programu inasoma namba hizo ndani ya faili zenyewe, kisha inaziunganisha picha zote kuwa faili moja. Kwa hiyo usimwachie msaidizi akutumie picha kwa WhatsApp. Taarifa hizo hupotea njiani, na itabidi uziandike mwenyewe picha baada ya picha.

Siku hiyo nilisahau kuzima feni. Panga zake zilitoka kama ukungu, hilo nililitarajia, lakini chandarua nacho kilikuwa kikicheza: pindo lake lilionekana mara tatu, moja zito na mawili hafifu kando yake. Kuna sehemu ya kuondoa vivuli vya vitu vilivyosogea. Niliitumia, pindo likabaki moja. Feni haikuponyeka, nikarudia kupiga.

Kazi yenyewe hasa ni kuushusha mwanga wote huo uenee kwenye kioo cha kompyuta. Njia ziko nyingi, mimi hukaa kwenye ile iitwayo Mantiuk '06. Tafadhali, nenda nayo polepole! Ukizidisha, fremu ya dirisha inazungukwa na weupe, na ukuta wa chokaa unaonekana umepakwa masizi. Hakuna mwenye nyumba atakayekulipa kwa ukuta wa masizi. Rangi nazo mimi huzipunguza kidogo.

Nilipompelekea mama mwenye nyumba, aliisogeza simu karibu na macho, akaanza kuhesabu kanga zilizoanikwa kwenye roshani ya jirani, nje ya dirisha.