Kipupwe kizima na baiskeli ya resi ya mtumba: uzoefu wangu Dar

Kuanzia wiki ya kwanza ya Juni 2025 mpaka mwisho wa Septemba nimeiendesha baiskeli hii kilomita 2,300 na ushee, kwa hiyo sasa naweza kuizungumzia nikiwa na la kusema. Ni baiskeli ya resi ya mtumba: fremu ya alumini, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya kaboni, gia mbili mbele na kumi nyuma, breki za kubana rimu. Niliichukua Ilala kwa Sh680,000, muuzaji akiwa ameanzia 850,000. Jina lililoandikwa kwenye fremu naliacha makusudi. Baiskeli mbili za jina moja zinaweza kushuka kwenye kontena moja, moja ikiwa imelala stoo miaka kumi, nyingine imekimbizwa kwenye barabara za Ulaya zinazomwagiwa chumvi wakati wa barafu mpaka imekwisha. Ukifuata jina utaumia.

Walionitia kwenye jambo hili ni marafiki watatu: nesi wa zamu za usiku, mwalimu wa sekondari, na kaka mmoja anayefanya kazi benki. Tumekuwa tukikimbia pamoja Daraja la Tanzanite tangu lilipofunguliwa mwaka 2022. Mwezi wa tano, masika ikiwa inaaga, Nesi akasema kukimbia peke yake hakutoshi, mwaka huu tufanye triatloni. Si ile ya Ironman yenye kilomita 180 za baiskeli. Ile ya umbali wa Olimpiki: unaogelea mita 1,500, unaendesha kilomita 40, unakimbia 10, vyote kwa mfululizo. Tukakubaliana tuifanye wenyewe Kigamboni, mwezi wa tisa, kabla joto halijarudi. Kuogelea nilikuwa nakujua, kukimbia nimekuzoea. Baiskeli niliyokuwa nayo ilikuwa na kapu mbele.

Nianze na kipimo, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Mimi nina sentimita 166. Dukani kulikuwa na baiskeli nyekundu inayong'aa, saizi ya fremu 56, bei ileile, na muuzaji aliing'ang'ania: "Dada'angu, chukua hii, siti tutaishusha tu." Siti ilishuka kweli. Lakini nilipokaa, mikono ilinyooka yote kuufikia usukani, na niliposimama nikiwa nimepanua miguu juu ya bomba la juu, halikuacha hata nafasi ya kidole. Yangu ni 52, rangi ya kijivu iliyopauka, ina mikwaruzo ubavuni, na niliikalia nikajisikia nipo nyumbani. Kupanga kimo cha siti hakuhitaji mtaalamu: kaa, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedeli, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa.

Hata hivyo wiki mbili za kwanza vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilikuwa vinakufa ganzi kila nikipita dakika arobaini. Tatizo lilikuwa shingo ya usukani, kile kipande kinachoushikilia usukani mbele ya fremu, ilikuwa ndefu, milimita 110. Fundi wangu wa Mwananyamala akanitafutia ya 90 kwa Sh25,000, na ganzi ikaisha siku hiyohiyo. Kwa hela niliyotumia kwenye baiskeli hii nzima, hakuna iliyonipa faida kubwa kama hiyo elfu ishirini na tano.

Sasa kasoro. Jumapili ya pili, saa 12 asubuhi, niko juu ya Tanzanite, upepo unatoka baharini, nashusha gia mpaka nyepesi kabisa ili nimalizie kile kimwinuko cha daraja. Nikasikia mlio wa haraka haraka, kama mtu anayeburuza kijiti kwenye nondo za dirisha. Nikaacha kukanyaga papo hapo. Kuangalia, kibadilisha gia cha nyuma kilikuwa kinagusa spoku. Kingenaswa pale kingeng'oka chenyewe, kingekula gurudumu, na mimi ningekuwa chini na magari nyuma yangu. Sikio la kushikia hicho kibadilisha gia lilikuwa limepinda, na aliyeniuzia alikuwa amekaza skrubu za mpaka wa gia ili dosari isionekane nikiijaribu pale dukani. Zilipolegea kwa mtikisiko, siri ikatoka. Nilimrudia. Akaniambia mtumba hauna garantii, akageukia mteja mwingine. Lile jibu liliniuma kuliko gharama yenyewe, kwa sababu alijua anachouza na alijua naenda kukipanda barabarani. Fundi alilinyoosha kwa Sh15,000 na tangu hapo halijasumbua.

Kwa hiyo ukienda kununua, kabla ya kuuliza bei, chuchumaa nyuma ya baiskeli. Angalia mstari wa meno ya gia na yale magurudumu mawili madogo unamopitia mnyororo. Vyote vinatakiwa viwe mstari mmoja wima. Vikielekea ndani, acha au dai ipunguzwe bei.

Tairi zilizokuja nayo zilikuwa milimita 23, zimepasuka nyufa za ukavu. Juni peke yake nilipata pancha sita. Pembezoni mwa barabara zetu kuna mchanga, vioo, na zile nyaya nyembamba zinazobaki tairi la lori likipasuka, hizo ndizo mbaya zaidi maana unaweza kutoa tyubu, ukabandika kiraka, ukarudisha, na waya bado umejificha ndani ya tairi ukingoja tyubu yako mpya. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote kabla ya kurudisha, kitanasa. Nikaweka tairi za 28, jozi Sh170,000. Kwenye breki za kubana rimu kama zangu pima kwanza, kwa sababu baiskeli nyingi za resi za zamani haziruhusu zaidi ya 25. Yangu imeruhusu kwa taabu. Kijana wa pampu alizoea kujaza mpaka presha ya psi 110. Mimi sasa naweka 70 mbele na 75 nyuma, na baiskeli imekuwa nyingine. Haidundi kwenye matuta madogo ya Bagamoyo Road, inashika kona yenye vumbi. Tangu Julai nimepata pancha mbili.

Barabara yenyewe ya Bagamoyo kipupwe hiki ilikuwa na ujenzi wa njia ya mwendokasi, kwa hiyo kila Jumamosi tulikuwa tunaondoka Mwenge saa 10:45 alfajiri ili tuvuke Tegeta kabla daladala hazijaamka vizuri. Taa nyekundu nyuma, nyeupe mbele, helmeti, mmoja nyuma ya mwingine. Bunju, Mapinga, Kerege, mpaka Bagamoyo mjini, chai na chapati, kisha kurudi. Kwenda na kurudi inazidi kidogo kilomita 110.

Safari hiyo ndiyo iliyonifundisha upepo. Miezi hii ni ya kusi, upepo unaotoka kusini. Ukienda Bagamoyo kusi iko mgongoni na unajiona bingwa: kilomita 32 kwa saa, unaongea, hujatoka hata jasho. Mara ya kwanza nilifika Bagamoyo nikidhani nimeiva. Tulipogeuka, ilikuwa kama mtu ameweka kiganja kifuani kwangu na haondoi. Kasi ikashuka mpaka 21, na jua limeshapanda. Hapo Mwalimu akapita mbele bila kusema neno, akaniashiria kwa mkono nimkaribie. Kwa karibu saa nzima nilichokuwa naona ni soksi yake ya kulia, nyeupe, yenye doa la grisi lenye umbo la jani, ikipanda na kushuka, na gurudumu lake nusu mita mbele ya langu. Ukiwa hapo nyuma ya mtu, upepo unapungua sana, unaweza hata kuusikia ukipita pembeni. Kila baada ya dakika chache wa mbele anasogea kando, anarudi nyuma, anayefuata anachukua zamu. Mashindano mengi ya triatloni ya ridhaa hayaruhusu kumkingia upepo mwenzako, kila mtu apambane peke yake, kwa hiyo Jumatano tulikuwa tunaendesha kwa kuachana. Lakini ile ya Jumamosi siwezi kuibadilisha na chochote. Niliwajua hawa watu upya nikiwa nyuma ya magurudumu yao.

Safari ya tatu ya Bagamoyo spoku moja ya nyuma ilikatika karibu na Kerege. Chini ya mwembe kulikuwa na fundi na boksi lake la spana, spoku za urefu wangu hana. Hakuhangaika. Alilegeza kidogo zile spoku mbili za jirani zinazotoka upande wa pili wa habu, kitovu cha gurudumu, akazungusha gurudumu, akalegeza tena robo, mpaka rimu ikaacha kugusa raba za breki. "Dada, hili limechoka, lakini litakufikisha. Usikae kwa nguvu kwenye mashimo." Alichukua elfu mbili. Lilinifikisha mpaka Mwenge. Baadaye nilibadilisha spoku zote za nyuma, Sh60,000, kwa sababu ikianza kukatika moja kwenye gurudumu la zamani, nyingine zinafuata.

Jambo ambalo sikulitarajia ni chumvi. Siku za kuunganisha mazoezi tulikuwa tunaogelea ufukwe wa Coco maji yakiwa yamejaa, tunapanda baiskeli tukiwa bado tunachuruzika, halafu jasho la saa mbili linaongezeka juu. Alumini haishiki kutu nyekundu, ni kweli, lakini bolti na waya za gia ni chuma. Agosti waya wa gia ya nyuma ulikwama ndani ya ganda lake kwa kutu, na bomba la siti lilianza kugandamana na fremu. Sasa kila nikirudi naimwagia maji ya ndoo yasiyo na chumvi, situmii pampu ya presha, nafuta kwa fulana ya zamani, natia mafuta mnyororo tone kwa tone na kufuta yaliyozidi. Mara moja kwa mwezi natoa bomba la siti na kupaka grisi. Kama unakaa karibu na bahari na huwezi kufanya hivi, usinunue baiskeli ya resi ya mtumba, itakufia mikononi.

Siku yetu ilikuwa Jumamosi, 20 Septemba. Siku tano kabla yake Alphonce Simbu alikuwa amechukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, amempita Mjerumani kwa sekunde 0.03, na pale ufukweni Mjimwema, tukiwa tunavaa miwani ya kuogelea, hakuna aliyekuwa na habari nyingine mdomoni. Zilikuwa siku za bamvua na maji yalikuwa yameanza kutoka, kwa hiyo tuliogelea sambamba na ufukwe, mume wa Nesi akituangalia kutoka kwenye ngalawa ya kukodi. Dakika 38. Kisha baiskeli, Kibada kuelekea Kongowe, tukageuza mita iliposoma 20. Kusi ilikuwa imelegea. Mnyororo haukutoa sauti hata mara moja, na kilomita 40 nilizimaliza kwa saa 1 na dakika 24. Nilipoanza kukimbia miguu haikuwa yangu kwa kilomita mbili za mwanzo, mapaja yanataka bado kuzunguka, kisha ikarudi. Nilimaliza kumi kwa dakika 58. Nesi, aliyeendesha baiskeli ya mlimani ya kuazima yenye tairi za vipele, alifika wa mwisho analia kwa furaha, na madafu tuliyonunua yalimsubiri.

Jumla, baiskeli imenigharimu Sh952,000 pamoja na tairi, spoku, shingo ya usukani na ufundi. Tyubu na waya sijahesabu. Kwa hela hiyo naiona ni halali kabisa, na nikirudishwa nyuma ningeichukua tena hiihii, ila ningekwenda na fundi siku ya kwanza badala ya kumtafuta baadaye. Kwa anayeanza, anayeishi barabara ya vumbi na mashimo mpaka mlangoni, ningemshauri achukue yenye nafasi ya tairi pana na breki za diski.

Nesi anatafuta ya kwake. Jumamosi hatuendi Bagamoyo. Tunaenda Ilala, yeye, mimi na Fundi, na futikamba ninayo mimi.