Lichess kwa kuchambua mchezo wa sare

Lichess, tovuti ya kucheza na kuchambua sataranji (chess), ni ya bure, haina matangazo, na kwa mchezaji wa mashindano anayetaka kujua kama sare aliipigania au alipewa tu, inatosha. Asilimia ya usahihi inayokupa baada ya mchezo usiihangaikie: wawili wakicheza ufunguzi waliokariri kisha wakarudia hatua, wote watapata alama za juu.

Washa Stockfish, programu inayopima hatua, kwenye ubao wa uchambuzi, kisha uongeze mistari ya hatua inazopendekeza kutoka 1 hadi 3. Yote mitatu ikionyesha 0.0, yaani pande ziko sawa, sare haikuwa na presha. Zamu ikiwa ya weusi, wa kwanza ukiwa 0.0 na wa pili +4 (weupe wanashinda), basi mwenye kete nyeusi alibaki na hatua moja tu ya kumwokoa.

Kete zikibaki 7, wafalme wakiwemo, bonyeza alama ya kitabu. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu majedwali ya Syzygy, yenye matokeo ya hakika ya kila mpangilio wa kete chache, hayakisii. Panga hivi: mfalme mweupe d5, ngome a7, askari e5, mfalme mweusi e8, ngome h6, zamu ya weusi. Ngome nyeusi ikibaki kwenye safu ya sita, ni sare. Askari akifika e6, ngome ishuke h1 papo hapo, ianze kupiga shaha (kumshambulia mfalme) kutoka nyuma. Mfalme mweupe hana tena pa kujificha. Ikirudi h8, mfalme mweupe anaingia d6, na ngome yake ikitua a8 mchezo umekwisha.

Kasoro ipo kwenye kupanga kete kwa mkono. Hesabu ya hatua 50 bila kula kete wala kusogeza askari, ambayo ikitimia mchezaji anaweza kudai sare, huanza sifuri, hivyo jedwali linaweza kukuambia ulikuwa unashinda ilhali mpinzani alikuwa karibu kudai sare. Ingiza mchezo mzima kwa PGN, yaani maandishi ya hatua zote za mchezo. Marudio ya mpangilio uleule wa kete nayo jedwali haliyajui kabisa.

Tahadhari nyingine ni ya kucheza humo. Mpangilio ukitokea mara ya tatu, sare unaweza kuidai kwa kitufe, au ukaacha mipangilio idai yenyewe. Mara ya tano hufunga mchezo kwa sare bila kuulizwa. Tabia hiyo usiipeleke mashindanoni. Chini ya kanuni za FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, hatua itakayoleta marudio ya tatu huandikwa kwanza kwenye karatasi, bila kuichezesha kete, kisha mwamuzi anaitwa. Ukiicheza kwanza, zamu imeshahamia kwa mpinzani na dai lako halipo.